Milingoti Tuliyoipanda Chemchemini

Mwezi uliopita jirani yangu wa chumba cha pili, hapa Mwanjelwa, Mbeya, alishikwa na mafua makali. Mchana akachemsha majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, kwenye sufuria kubwa, akajifunika blanketi pamoja na sufuria yake, akaanza kujifukiza. Mlango wake ulikuwa wazi, na mvuke ukatambaa hadi kibarazani kwangu nilipokuwa nachambua maharage. Ni harufu ambayo watu wengi wanaipenda. Wanasema inafungua kifua. Changu kilijifunga. Niliweka ungo chini, nikatoka, nikasimama kati ya wauza viazi na wauza mitumba mpaka nilipomwona jirani amekuja mtaroni kumwaga yale maji. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nilitaka jua kidogo. Sikuweza kumweleza kwamba kwangu mimi harufu ile ni ya msiba. Ninyi nitawaeleza, kwa sababu hamnioni usoni.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha Kilolo, mkoani Iringa, mahali penye milima mingi na baridi ya kukaza vidole. Mwezi wa saba watoto wa kwetu huenda shule wamevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Chini ya nyumba yetu kulikuwa na bonde, na ndani ya bonde kulikuwa na chemchemi. Haikuwa kubwa. Maji yalitoka chini ya jiwe jeusi, yakajaza kisima cha kutosha ndoo mbili hivi, kisha yakateleza kati ya majani mapana na kuwa kijito. Ukiinama asubuhi ulikuwa unaona mchanga ukichezacheza pale maji yanapotokea, kama uji unaokaribia kuchemka. Kulikuwa na kaa wadogo wenye rangi ya matope. Kulikuwa na vyura ambao Bibi aliwaita walinzi, kwa sababu walipiga kelele mpaka mtu afike, halafu wananyamaza wote kwa pamoja, kana kwamba wanamtazama ni nani.

Kandokando ya kijito kile wanawake walikuwa na vinyungu. Asiyetoka kwetu huenda hajui: kinyungu ni bustani ya bondeni, matuta yanayolimwa wakati wa kiangazi kwenye ardhi yenye unyevu, kule juu mlimani kukiwa kumekauka. Vinyungu ndivyo vilivyotupa mahindi mabichi na maharage wakati ghala limebaki vumbi. Kinyungu cha Bibi kilikuwa jirani kabisa na chemchemi, na kila mwaka kilisogea kidogo kuelekea kwenye jiwe. Watu wakimwuliza, Bibi alikuwa anasema matuta yana miguu, yeye afanyeje.

Nyumbani tulikuwa wanne: mama, Bibi mzaa baba, mimi na mdogo wangu Deo, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Baba alikuwa anapasua mbao Mufindi na tulimwona Krismasi na Pasaka. Bibi alikuwa ananiita mke mwenzangu. Akinikuta nimekaa kimya, na mimi nilikuwa mtu wa kukaa kimya, aliniuliza mume wetu, yaani Babu, amenikosea nini huko kaburini alikolala.

Nilipokuwa darasa la tatu alikuja mwalimu mgeni. Aliitwa Mwalimu Salumu, mtu wa Rufiji, kule chini mto unakoingia baharini. Baridi yetu nusura imwondoe wiki ya kwanza. Alikuwa anafundisha akiwa amejikumbatia, mikono kwapani, akitaka kuandika anautoa mkono mmoja haraka, anaandika, anaurudisha. Alivaa koti kubwa la mtumba lililomfika magotini, na watoto wakubwa wakampa jina la Blanketi. Alilisikia. Alisema ni jina zuri, na anayetaka kumwita hivyo amletee na la kweli.

Huyo ndiye mtu wa kwanza kutuambia habari za mikoko. Alituchorea miti ambayo mizizi yake imesimama juu ya matope kama miguu ya buibui. Alisema kwao watu waliikata mikoko mpaka ufuo ukabaki wazi, maji ya chumvi yakapanda hadi mashamba ya mpunga, na kamba na samaki wadogo wakakosa pa kukulia, wakatoweka. Baadaye wanawake waliingia kwenye matope hadi mapajani na kupanda mikoko upya kwa mikono, mche kwa mche, na mama yake alikuwa mmojawapo. Miaka ikapita, samaki wakarudi. Kisha akachora mstari mrefu ubaoni. Akasema maji ya chemchemi yenu yanaingia mto huu, mto huu unaingia Ruaha, Ruaha inaingia Rufiji, na Rufiji inapita kwa mama yangu. Mkitema mate hapa, yeye anayakanyaga. Tulicheka sana, lakini siku hiyo hakuna aliyetema mate kijitoni.

Mwalimu akawa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa vinyungu. Kamati ilisema vinyungu vilivyo karibu na chemchemi vinaporomosha udongo na kuchafua maji, vyote viondoke. Hawakukosea. Mvua ikinyesha, maji yetu yalikuwa yanageuka chai ya maziwa. Lakini siku mgambo walipokuja kung'oa maharage ya Bibi, aliyeshika ncha ya kamba ya kupimia alikuwa Mwalimu Salumu. Bibi alisimama na jembe lake mpaka walipomaliza, akaokota maharage yaliyong'olewa, akayafunga kwenye kanga. Nyumbani alisema tu kwamba Blanketi ana kamba ndefu.

Baada ya vinyungu kuondoka bonde lilibaki wazi, jekundu, kama mahali palipochunwa ngozi. Mwalimu alisema lazima lipandwe miti kabla mvua haijalibeba. Akatuuliza darasani: hapa kwenu ni mti gani unaokubali penye majimaji? Darasa zima tukapaza sauti, mlingoti. Nami nilisema, maana katika sauti za wengi sauti yangu ilikuwa inapata ujasiri. Hatukudanganya. Kijijini kwetu kila penye tope la zamani pana milingoti, imenyooka, imenenepa, wala haiozi mizizi. Tuliiona pale tangu tunazaliwa, tukajua ndipo inapopenda. Tena kwetu mlingoti ni mti wa heshima: mtoto akizaliwa baba anapanda, na mwanamume asiye na milingoti watu wanamwona kama mpita njia. Mwalimu aliandika mlingoti ubaoni kwa herufi kubwa. Jioni ile mwenyekiti wa kijiji akasema ana miche iliyobaki kitaluni kwake, ipo tayari kwenye viriba vya plastiki, anaitoa bure.

Nilimpelekea Bibi habari hiyo jikoni, alipokuwa anapukuchua mahindi. Alicheka. Halafu akaacha kupukuchua.

"Milingoti pale kwenye jiwe?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, kila mtoto mmoja, Jumamosi.

"Unajua hapa tulipokaa palikuwaje? Palikuwa tope la kuzamisha ng'ombe. Babu yako alipanda milingoti, akangoja, ikanywa mpaka pakawa pakavu, akaikata, akajenga hii nyumba. Kila mlingoti unaouona kwenye majimaji hapa kijijini, mtu aliupanda akaushe." Alinigusa goti kwa gunzi. "Mwalimu hajui. Kwao kuna miti mingine. Kesho ukifika shule mwambie hivi: Bibi anasema mlingoti hauwekwi kwenye maji unayotaka kuyanywa. Apande mivengi."

Mivengi ni miti yetu ya asili, ile yenye matunda meusi ya kupaka ulimi wino. Inasimama majini na haiyamalizi. Nilimwuliza Bibi kwa nini asiende mwenyewe.

"Nikienda mimi watasema namlilia kinyungu changu," alisema. "Wewe hujalima popote. Nenda, mke mwenzangu. Ni maneno machache tu."

Asubuhi niliyarudia njia nzima. Nilipofika niliuona mlango wa ofisi ya walimu, na maneno yakashuka tumboni. Nilimfuata Mwalimu mara tatu siku ile. Mara ya kwanza alikuwa anaongea na mwalimu mkuu. Mara ya pili alikuwa peke yake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akangoja, nikaondoka. Mara ya tatu aliniuliza mwenyewe, Editha, unataka nini? Nikamjibu, chaki, mwalimu. Akanipa kipande. Nilirudi nyumbani na chaki mkononi, imelowa jasho.

Bibi aliniuliza kama nimemwambia. Nikasema ndiyo. Akauliza amesemaje. Nikasema, amesema sawa.

Jumamosi tulishuka bondeni kwa mstari, kila mtoto na kiriba chake, tukiimba. Mwalimu alikuwa ameshachimba mashimo mengi kwa mikono yake, koti lake limejaa tope, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona hana baridi. Mti wangu ulikuwa wa pili kutoka kwenye jiwe. Nilishindilia udongo kwa kisigino kama tulivyoonyeshwa. Nilipoinua kichwa nilimwona Bibi amesimama njiani na kikapu chake. Alitazama mpaka mche wa mwisho ulipoingia ardhini. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini, kumbe sawa ya watu wa pwani ndiyo hii.

Tangu siku hiyo Bibi hakuitikia tena salamu ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa anampa shikamoo yake kwa adabu, na Bibi anatazama mlima. Mwalimu alidhani ni mambo ya kinyungu. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba wazee wa huku hawasahau maharage.

Kiangazi cha kwanza tuliinywesha milingoti ile kwa kopo, zamu kwa zamu, kwa maji ya chemchemi yenyewe. Nilikuwa nauongezea mti wangu kopo la pili wengine wasipoona. Mwaka wa pili ilikuwa imempita Mwalimu urefu. Wageni walikuja, wakapigwa picha katikati yake, mwenyekiti akatoa hotuba. Upepo ukivuma majani yake yalikuwa yanasikika kama mvua inayokuja, na harufu ilijaa bonde zima hadi kwenye nguo zetu tulizoanika.

Vyura ndio waliotangulia kunyamaza. Hakuna aliyeona siku walipoondoka. Kisha ndoo ikaanza kuchukua muda kujaa: unachota, unakaa, unachota tena. Mchanga chini ya jiwe ukaacha kucheza. Kufikia kiangazi cha tatu wanawake walikuwa wanapanga ndoo mstari na kukwangua kwa bakuli, maji mekundu, nusu yake tope. Mwezi wa kumi kisima kikawa tope tupu. Mwezi wa kumi na moja kikapasuka, na kwenye nyufa mkawa na magamba ya kaa, mepesi kama maganda ya vitunguu. Watu walisema ni mvua zimechelewa. Labda zilichangia. Lakini milingoti ilikuwa imependeza, myeusi kwa unono, na kiangazi kile kilikuwa hakijaigusa hata jani.

Ikabidi tuchote chini zaidi, bondeni kabisa, kijito kikubwa kinapopita kwenye mashamba ya nyanya. Vijana waliokodi mashamba yale walikuwa wanapuliza dawa kwa bomba la kubeba mgongoni, tunaliita solo, na wakimaliza wanalisuuza kijitoni. Maji yalikuwa na povu jeupe kwenye kona, na harufu kama ya dukani kwa pembejeo. Juu yake kulikuwa na nyumba na vyoo, na mahali pa kunyweshea ng'ombe. Bibi alichuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Mama alichemsha. Lakini kuni hazikutosha kila siku, na mtoto wa miaka minne akiwa na kiu hangoji maji yapoe. Deo alikuwa ananifuata kuchota. Nikiinama kujaza ndoo, yeye anakinga viganja, anakunywa, ananitazama kama nimemwona. Nilimwona. Nilimwambia acha. Kesho yake alikunywa tena.

Alianza kuhara Jumanne. Jumatano kulikuwa na damu. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, mwendo wa kupanda na kushuka, mimi nyuma na chupa ya maji ya chumvi na sukari. Mganga alifanya alichoweza, na alikifanya haraka. Deo alikuwa ameshakauka midomo, macho yameingia ndani kama ya mzee. Alifariki saa tisa alasiri mama akiwa bado anamdondoshea maji kwa kijiko. Mama aliuliza ni dawa ya nyanya au ni uchafu. Mganga alisema hawezi kujua, ila ni maji tu, mama, ni maji.

Maji ya kumwosha tuliyachota kijito kile kile. Hapakuwa na mengine.

Msibani wanaume walikaa nje kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Siku ya pili Mwalimu Salumu alikuja na wanafunzi wa darasa langu. Aliingia ndani peke yake, ameshika kofia, akampa mama pole. Kisha akainama mbele ya Bibi na kunyoosha mikono miwili. Bibi aliificha yake ndani ya kitenge.

"Nilikutumia neno, mwalimu," alisema. Wanawake waliacha kuimba. "Kabla hamjapanda. Nilimtuma huyu mtoto. Nikakwambia miti ile inakausha, upande mivengi. Ukasema sawa."

Mwalimu aliinua kichwa. Alinitazama mimi, nilikuwa nimekaa nyuma ya bega la Bibi. Nilishika pindo la kanga yangu na kuanza kuhesabu nyuzi. Sijui alinitazama kwa muda gani. Niliposikia sauti yake, ilikuwa ya chini.

"Ni kweli, mama. Niliambiwa. Nisamehe."

"Mimi sina msamaha wa kukupa," Bibi alisema. "Mwombe huyu tunayemzika."

Mwalimu alikaa vilevile ameinama, kisha akainuka, akatoka kinyumenyume.

Mtanifikiria vibaya, lakini nilipumua. Nilidhani kuna mtu mwingine alikuwa amemwambia, mzazi wa mtoto mwingine labda, ndiyo maana akakubali. Nilidhani Mungu ameniokoa kwa namna yake. Siku zile nililia sana kwa ajili ya Deo, na katikati ya kilio kulikuwa na kijisehemu cha moyo wangu kilichokuwa kinashukuru.

Niliporudi shule, Mwalimu alianza jambo lililonitesa. Kila asubuhi, kabla ya somo, aliniita nisimame mbele na kusoma sentensi moja kwa sauti. Moja tu. Nikinong'ona ananiambia rudia, nyuma hawajasikia. Wenzangu walicheka, na siku nyingine nilijifanya mgonjwa ili nisiende. Niliamini ananilipizia aibu ambayo Bibi alimtia. Alifanya hivyo mpaka alipohamishwa, mwaka uliofuata. Alipanda gari la kubeba nyanya, koti lake kwenye mfuko wa salfeti, na waliokuja kumuaga walikuwa watu wachache sana. Kijiji kiliupa msitu ule jina la Kwa Salumu. Mtu akikosa maji anaambiwa, nenda Kwa Salumu ukachote. Watoto waliozaliwa baadaye walilijua jina hilo bila kujua lilikuwa la mtu.

Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea, nikaja Mbeya kumsaidia shangazi. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Alikufa anaamini kwamba alidharauliwa.

Jambo lenyewe nililielewa hapa Mwanjelwa, siku ya kawaida kabisa. Nilimtuma binti wa shangazi, mtoto wa miaka tisa, kwa mama mmoja wa nyumba ya tatu amwambie asianike juu ya ukuta wetu, una rangi mbichi. Mtoto akatoka, akarudi. Nikamwuliza umemwambia? Akasema ndiyo. Amesemaje? Akasema, amesema sawa. Hakuwa amemaliza kulitamka neno nikajua kwamba hakufika. Nilimtazama tu mara moja, jinsi alivyoshika pindo la gauni, na kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale. Nilikaa chini kwenye ngazi. Niliona uso wa Mwalimu Salumu umeinama mbele ya Bibi, macho yake yamevuka bega la Bibi na kunifikia. Hapakuwa na mzazi mwingine. Hakuna aliyemwambia. Alinitazama, akaona, na kwa muda ule mfupi akachagua. Angeweza kusema, mama, mimi sikuambiwa neno lolote, na ingekuwa kweli. Watu wote wangegeuka kunitazama, na maiti ya mdogo wangu ikiwa chumba cha pili. Akasema niliambiwa. Na zile sentensi za kila asubuhi, nilizodhani ni adhabu, sasa naona alikuwa anajaribu kunifundisha kazi moja tu, niweze kufungua mdomo.

Miaka miwili iliyopita kijiji kiliamua milingoti yote ya chemchemini ikatwe. Nilipanda basi kwenda. Wanaume walikuja na msumeno wa injini, yaani chenso, na dumu la pombe ya ulanzi, wanawake na miche ya mivengi. Miti ilikuwa minene ya kutoshana na kifua cha mtu. Wa kwangu, wa pili kutoka kwenye jiwe, uliangushwa mapema, na visiki vilivuja utomvu mwekundu. Kazi ilikwenda na utani. Mmoja alisema, mkate Salumu huyo aangukie upande wa kwao. Mwingine akasema, mtu wa bahari aliona maji mengi hapa akaona wivu. Watu wakacheka. Mama alikuwa shimo la jirani na langu, ameinama, hakucheka.

Nilisema, Mwalimu hakuambiwa. Chenso ilikuwa inanguruma, hakuna aliyesikia. Nikasubiri waizime. Nikasema tena, kwa sauti ambayo wa nyuma wangesikia:

"Mwalimu hakuambiwa. Bibi alinituma mimi na mimi sikusema. Pale msibani alidanganya kwa ajili yangu."

Mzee mmoja akakohoa. Aliyeshika chenso akasema, "Ah, binti, mambo ya zamani hayo," akavuta kamba, ikanguruma tena. Ndivyo kijiji kilivyolipokea. Mama hakuinua kichwa. Alizungushia mvengi wake udongo, akaubana kwa viganja pande zote, akaenda shimo linalofuata.

Sijampata Mwalimu Salumu. Niliuliza shuleni, wamebadilika wote. Chemchemi haijarudi kama ilivyokuwa. Mama anasema masika yaliyopita ardhi chini ya jiwe ilibaki na unyevu hadi mwezi wa nane, ukiweka mkono unautoa umelowa. Bado hakuna maji ya kuchota hata bakuli. Mizizi ya milingoti inachipua kila mwaka na kila mwaka wanashuka kuikata.

Jioni ya siku ile ya kukata miti tulikaa jikoni, mimi na mama. Alikuwa anasonga ugali na hakunitazama.

"Miaka yote nimekuwa nikimwombea mabaya yule mtu," alisema. "Na wewe ulikuwa unajua."

Nilisukuma kuni motoni.

"Kama ungesema," aliuliza, "Deo angekunywa maji gani?"

"Ya chemchemi, mama."

Aliendelea kusonga. Ugali ulikuwa umeshaiva, lakini aliendelea. Kisha akaepua sufuria, akaiweka chini, akafuta mikono.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Hilo nitalisema mimi, kwa watu na kwa Mungu, kila nitakapoulizwa. Wewe usiliseme."

Akanipakulia. Tangu siku hiyo sijajitetea kwa neno hilo, na hapa pia nimeliandika kama lilivyotoka kinywani mwa mama.